Mwanamke wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la binti yangu, la jiografia. Aliandika kurasa tatu akaliacha. Leo amenikabidhi mwenyewe. "Mama, hayo unayoniambia kila jioni yaandike humu. Mimi nina mtihani." Ana miaka kumi na minne na tayari ameichoka ndoa yangu. Haya basi, naandika.

Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, mwaka wa tisa sasa katika kampuni ileile. Anatoka na lori na tela lake siku kumi na mbili, kumi na nne, anarudi analala nyumbani siku mbili, anatoka tena. Wenzake barabarani wanamwita Taratibu, kwa sababu hapigi honi ovyo wala hapiti mtu kwenye kona. Mimi ni fundi miwani. Nakata lenzi, nabadilisha skrubu, nanyoosha mikono ya fremu zilizokaliwa na wenyewe. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: mlango mmoja wa wateja, mlango mwingine unaingia jikoni.

Leo yuko nyumbani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yake ikalia, akaruka kitandani kwa wepesi ambao sijauona tangu tuoane. "Nimelala vizuri," akasema, huku akiutabasamia ukuta. "Hapana, goti halijambo. Nililiweka juu ya mto kama ulivyosema."

Goti gani? Mimi sina habari ya goti lolote.

Jumanne, 4 Machi

Ni goti la kushoto, la mguu wa klachi. Linamsumbua tangu mwezi wa kumi na moja. Nimemuuliza kwa nini sikuambiwa. Amesema, "Hukuuliza." Nikamwambia kwamba mke si daktari wa kuuliza leo unaumwa wapi, mke huambiwa. Akasema sawa. Yeye kila kitu sawa. Ameondoka saa tano na mzigo wa saruji, na mvua ya kwanza ikamsindikiza mpaka kona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya upelelezi wangu. Mwaka jana madereva kumi na mmoja waliihama kampuni yao, karibu wote wakaenda kwa wapinzani wa ng'ambo ya barabara kuu, anakoendesha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mwenye kampuni akashtuka. Malori yapo, mizigo ipo, wa kushika usukani hakuna. Basi akaajiri mwanamke akamweka ofisi ya safari, na kazi yake ni moja: kila asubuhi ampigie kila dereva, amsalimie, amuulize usingizi, maumivu, watoto, matairi, ili dereva ajione ana mtu. Neno lake la kwanza huwa "Umelalaje?"

Mimi nimempa jina, Bi Umelalaje. Binti yangu amecheka mpaka akapaliwa na chai. Sijaona cha kuchekesha. Mimi nimelala na mtu yule miaka kumi na sita na sijawahi kulipwa kumuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Hakuna mteja.

Jumatano, 12 Machi

Amepiga jioni kutoka kituo cha mizani. Foleni ya malori, amesema, haionekani mwisho wake.

"Huenda nikachelewa siku mbili," akaniambia. "Utakuwa sawa?"

"Mimi sina shida. Kwani nimeanza leo? Wewe endesha."

"Nilidhani labda..."

"Labda nini? Mtoto yuko salama, kazi ipo. Usijali ya huku."

Akasema sawa. Halafu akanisimulia jinsi Bi Umelalaje alivyompigia simu bwana wa mizani na kumbembeleza mpaka malori yao matatu yakasogezwa mbele. Alisimulia kwa furaha kabisa. Nikamwambia simu yangu inakwisha chaji. Ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mzee mmoja ameleta miwani ya mkewe. Anataka lenzi zipigwe rangi kidogo kwa sababu jua linamuumiza mkewe macho wakiwa barazani. Mkewe hakumtuma. Amegundua mwenyewe kwa kumtazama. Nimeikata lenzi ya kushoto vibaya, nikaanza upya.

Jumatatu, 17 Machi

Amerudi juzi jioni, kesho anatoka. Leo asubuhi alikuwa bafuni simu ilipolia. Nikapokea.

"Umelalaje?" Sauti laini, ya mtu aliyekwisha kunywa chai na kuchana nywele.

"Vizuri sana. Na wewe?"

Nikasikia karatasi inageuzwa. Halafu: "Ooh! Shikamoo mama!"

Shikamoo! Nina miaka thelathini na tisa. Nikaimeza. "Marahaba mwanangu," nikajibu, na lile neno la mwisho nililitia chumvi.

"Nimefurahi kukusikia, mama. Tunasikia habari zako kila siku. Mama wa miwani! Mzee anajivuna sana na wewe. Na binti, hesabu zimeendaje? Alikuwa na wasiwasi na zile pembe."

Kwa hiyo anajua mpaka mtihani wa mwanangu. Mimi mwenyewe sikujua kama ni pembe zilizokuwa zinamsumbua. Nilipomuuliza binti, akasema, "Nilimwambia baba kwenye simu." Baba akamwambia Bi Umelalaje. Habari imetoka chumba cha pili humu ndani, ikazunguka nchi nzima juu ya lori, ikapita ofisini, ndipo ikanifikia mimi jikoni.

Alipotoka bafuni nikampa simu. "Mke mwenzangu amepiga," nikamwambia. Akacheka. Akadhani natania.

Jumanne, 18 Machi

Ameondoka. Nimeosha shuka zote, hata zile safi.

Jumatatu, 24 Machi

Shemeji amepita na lori jipya la wapinzani, limeng'aa mpaka majirani wakatoka kulitazama. Amelipaki mbele ya karakana yangu, likaziba mwanga wote, nikalazimika kuwasha taa saa sita mchana.

"Shemeji, mshawishi kaka," akaniambia huku anakunywa chai kwa kusimama. "Tunatafuta watu. Tena watu watulivu kama yeye. Ataanza mwezi huu huu."

"Huko kwenu kuna mtu wa kuwauliza mmelalaje?"

Akapasuka kicheko. "Huko kwetu anayelala hafiki! Tunakaa njiani wiki tatu, shemeji, lakini gari ni gari."

Wiki tatu. Mtu mwenye akili zake angemfukuza papo hapo na chai yake. Mimi nilimwongeza kikombe. Nilichokisikia ni kimoja tu, kwamba huko hakuna sauti ya asubuhi. Bora akae wiki tatu bila yule mwanamke kuliko wiki mbili pamoja naye. Naandika hapa kwa sababu najua hakuna atakayesoma: ndivyo nilivyowaza, na sikuona aibu.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia kwenye simu, ahamie kwa mdogo wake. Nimesema gari jipya, kiti cha kupunguza mtikisiko, goti litapona. Nimeongea vizuri mpaka nikajiamini.

"Hapana," akasema. Mume wangu hasemi hapana. Husema tutaona, husema sawa. "Mimi siondoki pale. Pale wananijali."

"Na huku?"

Nilisikia malori yanampita, nikasikia mvua inapiga kioo chake.

"Huku wapi?" akauliza.

Mtandao ukakatika. Au aliukata. Nimekaa na lile swali siku nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Karudi. Hatukuliongelea lile swali. Ameziba paa la karakana linapovuja, amebadilisha bawaba ya mlango, ameunoa mkasi wangu ambao sikumwomba aunoe. Nikamwambia apumzike basi, amekuwa mwingi humu ndani. Akaenda kukaa nje chini ya mwavuli wa wateja, peke yake, na goti lake.

Jumatano, 2 Aprili

Ameondoka na mbolea. Mvua kubwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Fremu tano, skrubu kumi, mteja mmoja mkorofi.

Jumanne, 8 Aprili

Saa mbili asubuhi simu yangu imelia, namba nisiyoijua. Sauti nikaijua.

"Mama, shikamoo. Usishtuke. Mzee ni mzima."

 Nikakaa juu ya boksi la lenzi.

Daraja limesombwa na mto. Malori hamsini na zaidi yamekwama upande wa pili, la mume wangu lipo katikati. Nyuma maji, mbele maji. Hakuna aliyeumia. Amesema amezungumza naye alfajiri, ana chakula, ana maji, ana dawa ya goti. Amesema atanipigia kila siku kunipa habari kwa sababu simu yake haishiki mtandao huko, na simu iliyofungwa ndani ya kebini inapokea laini ya ofisi peke yake.

"Ujumbe wowote, mama, niambie nimfikishie. Nikuunganishe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu ananiona, ulimi ulikuwa umeshainuka. Halafu nikawaza nitasimama hapa niongee na mume wangu kwa hisani ya yule, naye akisikiliza kila neno kama mtu anayeshikilia taa.

"Mwambie sisi hatuna shida," nikasema. "Atulie mpaka njia ifunguke."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Alhamisi, 10 Aprili

Amepiga. Mzee mzima. Nimesema asante, hatuna shida.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepiga. Nimesema hivyohivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Amepiga hata Jumapili. Huyu hana kwao? Amesema mume wangu anawapikia madereva wenzake kwa zamu, na jana aliwaimbia. Mume wangu kuimba! Humu ndani hata mluzi hapigi. Nimemuuliza aliimba nini. Akasema hakuisikia vizuri lakini wote walikuwa wanacheka.

Nimekata simu, nikaingia jikoni nikamkaripia mtoto kwa kosa la sufuria. Akanitazama tu. "Mama, una wivu na mtu anayekupa habari," akasema. Nikamwambia aende akasome pembe zake.

Lakini ni kweli. Nina wivu. Nakula nao, nakata lenzi nao. Siogopi kwamba wanalala pamoja. Yeye yuko ofisini, mwingine yuko katikati ya mito miwili. Ingekuwa hivyo ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningewaita wazee. Ninachokionea wivu ni kwamba yule anapewa mume wangu anayeongea. Mimi naletewa anayeziba paa.

Jumatano, 16 Aprili

Wamepitishwa kwenye daraja la muda. Yuko njiani kwenda kushusha, halafu ana mzigo mwingine wa huko huko kabla ya kurudi. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Shemeji amesema madereva wawili wengine wa kampuni ya kaka yake wamehamia kwao, tena mmoja alikwama naye pale mtoni. "Kaka amebaki kama mlinzi wa yadi," akasema. Leo sikumpa chai.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda.

Nilivaa gauni la bluu na miwani yangu ya fremu nyembamba, ile nisiyohitaji kabisa ila inanipa sura ya mtu anayesomesha wengine. Nilijitayarishia maneno njia nzima. Yadi yao ni pana, matope mpaka kifundo cha mguu, matela yamepangwa bila vichwa, harufu ya dizeli na turubai mbichi. Mlinzi akauliza nimefuata nini. Nikasema mimi ni mke wa Taratibu. Akasimama wima, akaniletea ubao wa kukanyagia.

Nilikuwa nimejiombea awe bibi kizee. Si bibi kizee. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mzuri, tena uzuri usiohitaji kubishaniwa. Amevaa miwani ya bei rahisi, ya kupima kwenye maduka ya haraka, na imemkaa usoni kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Hilo liliniuma kama fundi na likaniuma kama mke.

Alikuwa na vipokea sauti masikioni, akaniashiria nikae. Na mimi nikakaa, na maneno yangu mapajani, nikamsikiliza.

"Umelalaje? ... Pole. Na mgongo?"

"Umelalaje? Mama ametoka hospitali? ... Afadhali."

"Umelalaje? ... Usinitukane baba, si mimi niliyenyesha hiyo mvua. Haya, nipigie hasira zikiisha."

Sauti ileile. Kicheko kilekile, mahali palepale. Nilihesabu tisa kabla hajapumua. Mbele yake kuna sanduku refu la kadi, kila dereva na kadi yake, na kila anachoambiwa anakiandika kwa mwandiko mdogo uliolala, kesho apate cha kuulizia. Niliona moyo wangu unapoa kidogo kidogo, halafu, kwa namna isiyoeleweka, ukaumia upya: mume wangu mjinga anadhani anaulizwa yeye peke yake.

Alipovua vipokea sauti alinisalimia kwa kupiga goti kidogo. Kisha hakuniacha nianze.

"Mama, nimefurahi umekuja. Nilikuwa natafuta namna ya kukuona. Nisaidie na mzee."

"Nikusaidie wewe?"

Akatoa karatasi. Kampuni inaanzisha masafa mafupi: mizigo ya humu humu, kutoka asubuhi, kurudi jioni, kulala nyumbani kila siku. Nafasi ni nne. Ya kwanza amempa mume wangu, kwa sababu ya miaka yake na goti lake. Ofisi ilimpa mara ya kwanza mwezi wa nane mwaka jana, walipokuwa wanajaribu. Akakataa. Amempa tena mwezi huu, alipokuwa amekwama pale mtoni. Akakataa tena.

"Waliokaa miaka kama yake ndio wanaoondoka, mama. Wanaanza kunyamaza kwenye simu, halafu siku moja funguo ziko mezani. Na yeye ameanza kunyamaza. Nafasi hii naifunga Ijumaa ya tarehe tisa, mwezi ujao. Nikimkosa kwenye hii, najua nitamkosa kabisa."

Nilimwambia si kweli. Mume wangu hawezi kupewa nafasi ya kulala nyumbani akaikataa mara mbili. Akanigeuzia ile fomu ya mwezi wa nane. Upande wa nyuma kuna mahali pameandikwa "Maoni ya mwenza", na chini yake, kwa mwandiko wa mume wangu, mkubwa kama wa mtoto wa shule: *Mke wangu ameridhika na safari ndefu. Hana shida.*

Nilitoka bila kuaga. Matope yalibaki na kiatu changu kimoja, mlinzi akakikimbilia.

Ijumaa, 25 Aprili

Kwa hiyo kuna mwanamke mwingine. Wa barabarani. Si bure.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepekua mifuko ya koti lake la zamani. Risiti za mizani, kofia ya kalamu, na skrubu yangu moja ya miwani.

Jumanne, 29 Aprili

Sijui nafanya nini. Nimemtengenezea mteja miwani ya mtu mwingine.

Jumapili, 4 Mei

Amefika saa nane mchana. Nilimwacha aoge, nilimwacha ale, nikamtuma binti dukani na orodha ndefu ya makusudi. Kisha nikasema.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Unayemkimbilia. Umepewa kazi ya karibu mara mbili umeikataa. Ukaandika kwa mkono wako kwamba mimi nimeridhika. Nani alikuambia nimeridhika?"

Akaweka kikombe mezani. Mume wangu ana namna ya kufikiri ambayo inakera, anatazama mbele kama barabara ipo pale.

"Wewe," akasema.

"Mimi? Lini?"

"Mwezi wa nane. Nilisimama pale mlangoni, ulikuwa unakata lenzi. Nikakwambia kuna kazi za karibu zinakuja, unaonaje. Ukasema, 'Fanya unavyoona, mimi sina shida.' Hukuinua hata kichwa."

Nilikuwa na kioo kwenye mashine, nikasema, huwezi kuinua kichwa. Akasema sawa.

"Na mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita nilikuwa mtoni siku nane. Wenzangu wote waliletewa ujumbe na ofisi. Mmoja mkewe alimlilia mpaka tukamcheka. Mwingine alitukanwa, akalala na furaha. Wangu ulikuwa ule ule kila siku, hatuna shida, hatuna shida. Siku ya nne nikamwambia dada asinisomee tena."

Nikaanza kufuta meza iliyokwisha futwa. 

"Ule mwaka nilipokaa wiki sita nyumbani naumwa mguu," akaendelea, taratibu, bila ugomvi, na hilo ndilo baya zaidi, "uliniambia nyumba imekuwa ndogo. Juzi umeniambia nimekuwa mwingi. Mimi nina siku mbili humu ndani, natafuta pa kukaa. Nikiwa kwenye gari najua pa kukaa. Hakuna mwanamke. Kuna kiti."

Hapo ilitakiwa niseme. Lilikuwa neno moja, lilikuwa limesimama mdomoni na viatu limevaa. Lakini nilikuwa nimeshamshtaki, na mtu aliyeshtaki na kushindwa hujua kuvimba tu. Nikasema, "Basi kama kiti ni kitamu hivyo, nenda kakikalie."

Akasema sawa.

Jumanne, 6 Mei

Ametoka saa kumi na moja alfajiri. Hakuniamsha. Nilikuwa macho, nimegeukia ukutani, nikasikia anavaa soksi, anakaa kidogo kitandani na ile soksi ya pili mkononi, anasubiri sijui nini. Mimi pia nilikuwa nasubiri. Tulisubiriana hivyo mpaka akanyanyuka.

Jumatano, 7 Mei

Simu yake haipatikani. Akiendesha huizima, ni sheria yake, na usiku amepaki mahali pasipo na mtandao. Nimempigia mara kumi na saba. Binti amesema, "Mama, si upitie kwa Bi Umelalaje?" Nikamwambia akome kumwita mtu mzima jina la utani.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa.

Alhamisi, 8 Mei

Sikuvaa gauni la bluu. Nilivaa aproni ya kazi, na unga wa lenzi mikononi, nikaingia yadi saa mbili asubuhi mvua ikinyesha. Nilijua nikijipamba nitapata muda wa kujifikiria, na nikijifikiria nitarudi nyumbani.

Alikuwa katikati ya simu zake. Aliponiona aliikata aliyokuwa nayo.

"Niunganishe," nikamwambia. "Tafadhali."

Hakuuliza na nani. Akavua vile vipokea sauti, akanivalisha mwenyewe, akaniwekea ule mkono wa maikrofoni mbele ya mdomo kama ninavyomvalisha mteja miwani mpya. Vilikuwa vya moto kutoka masikioni mwake na vina harufu ya mafuta yake ya nywele. Nikavumilia. Akabonyeza. Ikalia mara mbili.

"Nimelala vizuri, dada," mume wangu akasema, kwa ile sauti, ile anayoutabasamia ukuta. Sikuwahi kuisikia ikija kwangu.

"Ni mimi."

Injini. Kioo kinafutwa, kinafutwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Miaka kumi na sita, na mke akimtafuta safarini lazima kuna maiti. Nilimtazama Bi Umelalaje. Alikuwa amegeukia dirisha, anatazama matela kwa bidii kubwa sana, lakini chumba ni kidogo na masikio anayo. Nikaona potelea mbali, asikie, aandike na kwenye kadi.

"Hakuna aliyekufa. Nataka uchukue kazi ya karibu. Nataka uwe unarudi nyumbani."

Kioo kikaendelea kufutwa.

"Unanisikia?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja nisimamishe gari."

Nikasikia taa ya kuashiria inahesabu tik-tik, nikasikia breki zinatoa pumzi, zikatoa tena, na injini ikanyamaza. Gari lililochelewa, lenye mzigo unaosubiriwa na wenyewe, barabarani, saa mbili na robo asubuhi. Mbele yangu kwenye ubao mkubwa wa safari taa yake ndogo ya kijani ikageuka nyekundu, na karani wa meza ya pili akainua kichwa kutaka kujua kuna nini. Bi Umelalaje akamwashiria atulie.

"Sema tena," mume wangu akasema.

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nilikuwa naisikia. Nikaongeza na mengine ambayo sikuyapanga: kwamba nyumba si ndogo, kwamba nilisema uongo pale mtoni siku zote nane, kwamba akiondoka nafua shuka safi. Sauti yangu ilikuwa mbaya, yenye makamasi. Hakuna aliyenicheka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo."

Akakaa. Namjua, alikuwa anatazama mbele.

"Mimi nakoroma siku hizi," akasema hatimaye. "Sana. Wenzangu wanalalamika. Ujue kabisa."

"Sawa," nikasema. Safari hii mimi ndiye niliyesema sawa.

"Basi mwambie dada anijazie fomu. Nitaisaini nikifika. Na sehemu yako jaza mwenyewe."

Bi Umelalaje akaitoa kwenye droo ya juu kabisa, alikuwa ameiweka karibu. Akanipa kalamu yake. Wakati natafuta pa kuandika, akanieleza utaratibu, kwa furaha ya kweli, macho yamemlowa nyuma ya ile miwani ya bei rahisi: masafa mafupi hayahitaji simu ya asubuhi. Dereva anakuja hapa ofisini mwenyewe, siku sita kwa wiki, anakaa kwenye kiti hicho nilichokalia, wanakunywa chai yeye na dereva, kisha anampa mkono na kumkabidhi funguo.

Nilimtazama vizuri, kuanzia nywele mpaka viatu. Bado ni mzuri.

Nikatia sahihi.